Jacinta Arruda na Jumamosi ya Kimya

Wasikilizaji wapendwa, mlioko mabwenini, mlioko jikoni mkiosha sahani za adhabu, na ninyi wazazi mnaongoja watoto wenu kwenye magari pale langoni: poleni na shughuli za Ijumaa. Hii ni redio ya shule, chini ya chumba cha kufulia. Ngurumo mnayoisikia si ngoma ya msiba. Ni mashine ya kukaushia nguo, na mtu ameisahau raba ndani.

Leo tunamkumbuka marehemu.

Marehemu ni kazi ya kwanza ya Jacinta Arruda, mshambuliaji wa kati wa Manyigu, timu ya mpira ya mji wa Fall River. Narudia, maana simu zimeshaanza kuingia: Jacinta hajafa. Jacinta ana miaka kumi na mitano, ana afya ya punda, na muda huu yuko nje ya mlango wa studio, anaupiga teke. Iliyofariki ni kazi yake. Ilizaliwa akiwa na miaka mitano. Ikafia uwanjani, Jumamosi moja ya Oktoba, asubuhi kweupe, bibi yake akishuhudia.

"Fungua huu mlango! Nilikusimulia kama rafiki!"

Hiyo ni sauti ya mfiwa. Tunamwombea subira.

Wasikilizaji wapendwa, tuanze na uzazi. Mtoto wa miaka mitano hachezi mpira. Mtoto wa miaka mitano hufuata kundi la watoto wenzake, na kundi hufuata mpira, na mpira huenda unakotaka. Jacinta hakufuata hata kundi. Siku ya mechi yake ya kwanza alikuwa amechuchumaa karibu na goli la wapinzani, anachuma maua ya njano. Ndipo mpira ukamjia wenyewe, ukasimama miguuni pake kama mbwa aliyepotea.

Na ndipo sauti ikatoka pembeni mwa uwanja.

"Jacinta! Simama! Mguu wa kulia! PIGA!"

Akasimama. Akapiga kwa mguu wa kulia. Mpira ukaingia. Maua aliendelea kuyashika.

Mwenye sauti alikuwa baba yake, Bwana Gualter Arruda, fundi wa paa. Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno. La Bwana Gualter lina ghorofa tatu, kama nyumba zote anazoziezeka. Huyu ni mtu aliyezoea kukaa juu ya paa na kumwambia msaidizi aliye chini kwamba msumari si huo, ni ule mwingine, na mtaa mzima ukaupata msumari. Siku ile aliona mambo mawili. Aliona kwamba binti yake ana mguu. Akaona kwamba mguu huo unawashwa kwa sauti.

Basi. Kosa likafanyika hapo. Watoto wote wakagawiwa vipande vya machungwa na vikombe vya zawadi ya kushiriki, walioshinda na walioshindwa sawasawa, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyesema: ngoja, jamani, hebu tufikiri kidogo.

Kwa miaka mingi mambo yalikuwa matamu. Jacinta alikuwa na kasi. Alikuwa na chenga ya bega ambayo mabeki waliiota. Akifika mbele ya kipa, sauti ilimwambia la kufanya, naye alilifanya kabla sauti haijaisha. Mabao yalimiminika. Kwenye duka la mikate watu walimwambia Bwana Gualter, "Binti yako atafika mbali," naye alijibu, "Tutafika."

Sikilizeni hilo neno, wasikilizaji wapendwa. Alisema tutafika. Na hakuna aliyeshtuka.

Tatizo la kwanza lilikuja pale wapinzani walipogundua kwamba wao pia wana masikio. Bwana Gualter alipaza sauti, "Chini kushoto!" na kipa wa upande ule, msichana mwenye akili zake timamu, akaruka chini kushoto. Akaudaka. Bwana Gualter akaona ameibiwa. Wiki iliyofuata akatumia Kireno. Lakini huku kwetu, mji wa wahamiaji Wareno, Kireno ni siri ya watu wote, kipa aliudaka tena, na akamjibu kwa Kireno, "Asante, mjomba."

Ndipo wakatunga lugha yao ya jikoni. Kabichi maana yake piga chini kushoto. Soseji maana yake chini kulia. Mkate maana yake geuka, rudisha nyuma. Kwa misimu mitatu watu wa Massachusetts ya kusini walikaa kwenye viti vyao vya kukunja, wamejifunika mablanketi, kahawa mkononi, wakimsikiliza mwanamume mzima akinguruma "KABICHI!" na mpira ukiingia wavuni. Wengine walidhani ni jina la mtoto.

Jacinta alipofika miaka kumi na minne, aibu ilimpata. Ni umri wake. Siku moja garini, wakitoka mechi ya ugenini huko Cape, pwani, alisema.

"Baba, naomba jambo moja."

"Sema."

"Unyamaze."

"Sasa hivi?"

"Uwanjani."

Bwana Gualter akafunga breki kwenye taa nyekundu. "Nikinyamaza, utajuaje?"

"Nitajua mwenyewe."

"Utajua nini wewe? Leo nilipokwenda chooni, ulifanya nini?"

"Baba, ulikwenda chooni mimi nikiwa napiga penalti."

"Ndiyo nauliza. Ulifanya nini?"

Jacinta akatazama dirishani. "Nilikosa."

"Hukukosa! Ungekosa ningefurahi! Ulisimama. Mwamuzi kapuliza filimbi, umesimama. Kapuliza tena, umesimama kama mti wa taa. Mama kaniambia."

Kutoka kiti cha nyuma, bibi yake, mama wa Bwana Gualter, ambaye timu nzima humwita Vovó, yaani bibi kwa Kireno, alithibitisha. "Alisimama. Mimi nilidhani kuna sala."

Msichana aliomba kimya. Narudia, kwa sababu ni muhimu: kimya alikiomba yeye mwenyewe. Alikiomba msimu mzima. Alikiomba kwa upole, akakiomba kwa kununa, akakiomba kwa kumwandikia baba yake kwenye keki ya siku ya kuzaliwa. Hakukipata.

Halafu ligi ikampa.

Wasikilizaji mliokulia mbali na viwanja hivi labda hamjui Jumamosi ya Kimya. Ni siku moja katika msimu ambapo wazazi hawaruhusiwi kusema. Si kutukana, kusema. Kila mzazi anapewa pipi ya kijiti langoni, anaitia mdomoni, na anakaa nayo hivyo hadi mechi iishe. Watu wazima, wenye rehani za nyumba, wamekaa safu nzima wananyonya pipi, kwa sababu imeonekana hakuna njia nyingine. Na mwaka huu ligi iliongeza ukali: mzazi akitamka neno moja, mtoto wake anatoka uwanjani na harudi.

Ilikuwa ni Jumamosi hiyohiyo ambayo Bi Lindqvist, mteuzi wa timu ya jimbo, alikuja kuangalia washambuliaji. Nafasi ilikuwa moja. Waliobaki walikuwa wawili: Jacinta wetu, na yule wa upande wa pili, mrefu, mwenye utepe wa kijani kichwani. Bi Lindqvist angekuja mara moja tu. Jacinta aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuomba ushindi. Alishukuru kwa ajili ya pipi.

Langoni kulikuwa na tatizo dogo. Vovó alikataa ya kwake.

"Nina kisukari," alimwambia mwamuzi.

"Basi nyamaza bila pipi, bibi."

"Bila pipi sijawahi."

Walijadiliana. Mwishowe akapewa kijiti kitupu, akakaa nacho mdomoni kama fundi seremala na msumari wake, nyuma ya sinia kubwa la malasada, yale maandazi ya Kireno ya kuviringishwa kwenye sukari, aliyowaandalia wachezaji kwa ajili ya baadaye. Sukari ya kutosha kuua farasi, na yeye analinda.

Mechi ikaanza.

Dakika za mwanzo Jacinta alijisikia kama mtu aliyevua koti la mvua. Alikimbia, akakokota, akapiga chenga ile ya bega. Halafu Maeve Tansey, winga wetu, akamchongea pasi safi kati ya mabeki wawili. Jacinta akawapita wote wawili. Mbele yake akabaki kipa peke yake.

Na kukawa kimya.

Ametusimulia mwenyewe, kabla hajajua tutaitumia hivi. Alisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Alisikia mbwa ng'ambo ya barabara. Alisikia pipi ya baba yake ikigonga meno. Mguu ulikuwa tayari, umeinuka, unangoja. Kilichotakiwa ni neno moja tu, la jikoni.

Jamani, akageuka kumtazama baba yake.

Bwana Gualter alikuwa na shavu moja limevimba na nyusi zote mbili zinafanya kazi. Nyusi ya kushoto ilipanda. Je, hiyo ni kabichi? Lakini kushoto kwake au kushoto kwa binti? Jacinta akiwa bado anatafakari nyusi, beki akaja akauchukua mpira miguuni pake, taratibu, kama mtu anayechukua mkoba wake aliousahau kwenye benchi.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mpira ulimkuta Jacinta yu peke yake tena, akageuka tena, na Bwana Gualter, kwa juhudi zote, akawa anakanda hewa kwa mikono miwili. Mkate! Jacinta akageuka akarudisha nyuma. Nyuma hapakuwa na mtu. Mpira ukaenda zake hadi kwenye kibendera cha kona, ukapumzika.

"We Jacinta!" Maeve akamfokea; wachezaji waliruhusiwa kusema. "Unangoja nini? Basi la shule?"

"Baba amesema mkate!"

"Baba yako ana kichwa cha pipi mdomoni! Hajasema kitu!"

Wakati wa mapumziko Kocha Philbrook alimvuta kando. Kocha ni mwanamke mpole, mwalimu wa hesabu, lakini siku hiyo upole ulikuwa umemwishia.

"Ukifika pale mbele unaona nini?"

Jacinta akafikiri. "Namwona Baba."

"Baba yako hayupo golini."

"Najua, Kocha."

"Golini kuna kipa. Kuna mlingoti huku na mlingoti kule. Ndivyo lilivyo miaka yote. Nenda kanitazamie goli."

Na alipokuwa akifunga kamba za viatu, Jacinta akamsikia Bi Lindqvist akimwambia mtu wa ligi, bila hata kushusha sauti: "Miguu ni yake. Kichwa kimekaa kwenye kile kiti cha kukunja."

Wasikilizaji wapendwa, neno hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa la kweli. Alikuwa amemlaumu baba yake msimu mzima kwamba ana kelele. Hakuwahi kujiuliza zile kelele zilikuwa zinafanya kazi ya nani.

Kipindi cha pili hakikuwa na jambo, hadi mwisho. Bado hakuna bao. Msichana wa utepe wa kijani alishapiga mashuti mawili, moja likagonga mlingoti. Mwamuzi alikuwa anatazama saa. Ndipo Maeve, kwa hasira zaidi kuliko kwa ufundi, akaupiga mpira mrefu kupita vichwa vya wote, na Jacinta akaukimbilia, akaufikia, akaingia nao ndani ya kisanduku cha penalti. Kipa akatoka. Mabeki walikuwa nyuma.

Bwana Gualter akasimama.

Safu nzima ya wazazi ilivuta pumzi kwa pua. Bwana Gualter akatoa pipi mdomoni. Ulimi wake ulikuwa wa zambarau. Akajaza kifua, kile kifua cha ghorofa tatu, na midomo yake ikaanza kulitengeneza neno.

Jacinta alimwona. Alijua neno likitoka, yeye anatoka. Nafasi inakwenda kwa utepe wa kijani, na mambo yameisha. Na alijua jambo la pili, ambalo alilisema kwa sauti ya chini sana alipotusimulia. Alilitaka lile neno. Kwa moyo wote, baada ya keki na kununa kote kule, alitamani baba yake aseme kabichi.

"BABA!" akapiga kelele. "RUDISHA PIPI MDOMONI!"

Uwanja wote uligeuka kumtazama Bwana Gualter. Mwamuzi aligeuka. Bi Lindqvist aligeuka. Hata kipa, maskini, aligeuka, maana ni vigumu kutogeuka.

Jacinta peke yake ndiye hakutazama huko. Alitazama goli. Akapiga kwa mguu wa kushoto, juu, upande ambao jikoni kwao hauna jina.

Mpira ulipanda vizuri. Uligonga mwamba, ukaruka juu ya nyavu, ukapita juu ya vichwa vya wazazi, ukatua katikati ya sinia la Vovó. Sukari ilipaa kama theluji ya kwanza. Ilipotulia, Bi Lindqvist alikuwa mweupe hadi kwenye nyusi.

Vovó akatoa kijiti chake. Aliyachunguza maandazi yake, akauchunguza mpira uliokaa ndani yake. "Angalau leo kapiga," akasema.

Mwamuzi akapuliza filimbi ya mwisho. Hajasema hadi leo kama alikuwa anamaliza mechi au anamkamata bibi.

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo ilipofia. Narudia kwa waliojiunga nasi sasa: kazi ya kwanza ya Jacinta Arruda ilifia kwenye mwamba wa goli, ikazikwa katika sukari. Mechi iliisha sare. Nafasi alipewa yule wa utepe wa kijani, na kwa haki. Bi Lindqvist, akijikung'uta, alimwambia Jacinta, "Shuti la mwisho lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Njoo na hilo mwakani."

Wakarudi kwa gari, wakafika darajani. Bwana Gualter bado alikuwa na kijiti mdomoni, hakina pipi tena.

"Mimi ningesema kabichi," akasema hatimaye.

"Najua."

"Kabichi ingeingia."

"Najua, Baba."

"Kipa alikuwa ameniangalia mimi! Kushoto kote kulikuwa wazi! Hata Mama angefunga!"

"Ningefunga," Vovó akasema nyuma.

"Baba, najua!"

Bwana Gualter akaushika usukani kwa mikono miwili. Wakapita daraja lote. "Lakini uliupiga vizuri," akasema.

Jumamosi iliyofuata ruhusa ya kusema ilirudi, na wazazi wa Fall River walisema kama watu waliotoka jela. "Mwamuzi, vaa miwani!" "Kimbia, Brayden!" na Brayden mwenyewe alikuwa amekaa benchi. Katikati ya makelele yale Bwana Gualter alifika na mfuko wake wa pipi, wa kununua mwenyewe. Akatia moja mdomoni. Akakaa. Lakini hakujiamini. Alijua nyusi zake. Basi akainuka, akakigeuza kiti chake cha kukunja, akaupa uwanja kisogo, akakaa akitazama maegesho ya magari.

Jacinta alikosa shuti la kwanza. Alikosa la pili, baya sana, tusiliongelee mbele ya watoto. La tatu lilimgonga ugokoni, likagonga mlingoti, likadundadunda na kuvuka mstari kwa uvivu kama paka anayeingia ndani. Lilikuwa bao la kuchekesha. Hakuna aliyeliagiza. Hakuna aliyelitaja kwa jina la mboga.

Jacinta akageuka kutazama pembeni. Mazoea yana taabu. Pale alipozoea kuona uso, aliona mgongo wa koti la kazi na shingo iliyokakamaa kwa jitihada za kutogeuka. Watu wote wanashangilia, na mtu mmoja tu katika uwanja mzima hakuliona bao lile. Akamsikia anamuuliza bibi, pipi ikiwa shavuni:

"Mama. Umeingia?"

"Umeingia."

"Kushoto?"

"Gualter," Vovó akasema, "tazama magari yako."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii tunatoa pole kwa familia ya Arruda wa Fall River. Pole kwa Jacinta, ambaye ameacha kupiga mlango teke na sasa tunamsikia amekaa chini upande wa pili, anasikiliza. Lakini pole kubwa, ya kweli, bila mzaha, tunaipeleka kwa Bwana Gualter, aliyefunga mabao kwa miaka kumi kutoka kwenye kiti cha kukunja, na akaamka Jumamosi moja hana kazi. Muda huu yuko langoni ndani ya gari lake, anamngoja binti yake kama kila Ijumaa. Redio tunajua ameifungulia. Tunajua kwa sababu alipiga honi tulipotaja kabichi.

Kila mmoja wetu ajiulize, akifika mbele ya kipa, anageuka kumtazama nani. Na kila mzazi ajiulize kama anaweza kuyapa kisogo maisha ya mwanawe akangoja aambiwe.

Sasa tusimame, kwa dakika moja ya kimya. Wanafunzi, nanyi wapishi. Nanyi wazazi mlioko langoni, hasa ninyi. Mtakaoshindwa, mfuko wa pipi upo kwa mlinzi.